Kanuni za Kumwamuru Uliyemwita

Zimo katika kaunta buku yenye jalada jekundu:
kurasa za mbele hesabu za spoku na tairi,
kurasa za nyuma vita.
Tunacheza Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
katika duka la baiskeli la Hoza,
Jumamosi, akishateremsha mlango wa bati.
Mezani kuna ramani ya mkaa, vizibo vya soda ndio askari,
na dadu ya pande ishirini aliyoichonga Sempombe kwa mvule.
Inapenda kuangukia saba. Tunajua. Tumeizoea
kama mtu anavyozoea jino bovu.

Kanuni ya kwanza.
Mwitaji hucheza, mwitwa hufuata.
Neno moja kwa zamu moja.
Ukisema nenda umshike umfunge umlete,
atakwenda. Basi.
Atasimama hukohuko akingoja zamu yako,
kama karani angojaye muhuri.

Kanuni ya pili.
Asiyeamriwa hujilinda tu.
Usimlaumu. Kimya chako nacho ni amri.

Ya tatu tuliiandika usiku wa ugomvi.
Mwanakombo aliita fisi wanne wa moshi,
mchawi wa Mlima Kiza akatimua mbio,
naye kwa pupa akapiga kelele: "Mkamate!"
Mimi, msimulizi, nikauliza:
umemwambia fisi mmoja amkamate mtu,
au umewaambia wote wakamate?
Na wakamate nini?
Akanitazama kama nimemwibia.
Dadu ikaanguka: saba.
Fisi watatu wakaketi wakijilamba,
wa nne akamkamata Shekiondo, aliyekuwa karibu.
Tangu hapo imeandikwa kwa kalamu ya kijani:
Taja unayemwamuru. Taja idadi. Taja wa kukamatwa.
Na chini yake, mwandiko wa Shekiondo:
na wa kutokamatwa.

Kanuni ya nne imefutwa.
Bibi yake Hoza alitusikia dirishani
tukipiga kura kama mwitwa hula damu au uji.
Akaingia na chetezo, akafukiza meza, ramani, na sisi.
Akasema: hapa Tanga hayo hayapigiwi kura.

Kanuni ya tano.
Wito usomwe kwa vina. Kina kikivunjika,
uliyemwita yu huru, na wewe ndiwe uliye karibu naye.
Wengine tulikuwa tukigugumia.
Shekiondo, mtoto wa manamba wa shamba la mkonge,
alisimama, akafunga shati vifungo vyote, akasoma:

*Dubwana la miba mia, inuka shambani mwako,*
*Kwa uzi nakuitia, uzi ndio jina lako,*
*Amri nikikwambia, usiulize ya kwako,*
*Saa ikishatimia, lala usingizi wako.*

Likainuka. Hata dadu ilikubali: kumi na tisa.
Tukalivusha daraja, tukalifikisha lango la ngome,
na hapo Shekiondo akatazama simu yake.
Basi la Geita lilikuwa linaondoka alfajiri,
mgodini wamempa kazi, hakuwa ametuambia.
Akaligeukia dubwana, siyo sisi.
Akasema: "Ningoje hapa."
Akatoka kwa mlango wa nyuma, akainama chini ya kamba ya nguo.

Kanuni ya sita, basi, ilibidi.
Mwitaji akiondoka mezani, mwitwa hushika agizo la mwisho.
Sempombe alipinga: wito hudumu saa moja.
Nikasema ni saa moja ya mchezo,
na mchezo wa Shekiondo umesimama.
Akafikiri. Akasema, andika.

Mwezi wa tatu huu.
Mwanakombo amejaribu: "Wewe, dubwana moja la mkonge,
sogea hatua mbili kushoto."
Ametaja vyote, kama sheria inavyotaka.
Saba.
Hoza akifuta meza huzungusha kitambaa
kando ya kizibo kile cha kijani, hakigusi.
Lango lenyewe tumeshaliteka, ngome ni yetu.
Tunaingia na kutoka kwa kupita ubavuni,
mmoja mmoja, tukichungia nguo zetu miba.